Mwaka Waliponipima Pua

Mzee Katana alifariki wiki tatu zilizopita, na kabla hawajamsafirisha kwenda kuzikwa kwao, bara ya Kilifi, wanawe waliniomba niseme maneno mawili matatu pale nyumbani kwake Mikindani. Nilisimama chini ya turubai, watu wamejaa hadi barabarani, na sijamaliza hata kusalimia nikamsikia mama mmoja wa safu ya pili akimuuliza mwenziwe kwa nini bibi huyu asema puani. Alidhani ananong'ona. Nikamgeukia nikamwambia kwamba nasema puani kwa sababu kaakaa langu ni fupi na lina kitundu, na kwamba marehemu aliye mbele yetu aliyapima hayo yote zamani, kwa mashine, kwa hiyo hana haja ya kujisumbua kuyapima upya. Watu wakacheka, msibani, na wana wa Katana walicheka kuliko wote. Sikuona haya hata kidogo. Haya zangu nilizimaliza nikiwa na miaka kumi na tisa, katika mwaka mmoja tu, na yule mzee alikuwapo nilipozimaliza. Pale msibani nilisema kwa dakika tano, kwa kuwa gari la maiti lilikuwa likisubiri. Hapa hakuna gari linalonisubiri.

Mwaka ule nilikuwa nimefunika uso kwa miaka sita. Nieleze vizuri, maana watu wetu ni wepesi wa kukasirikia jambo ambalo hawajalisikia lote. Wako wanawake wanaovaa ninja kwa ajili ya dini yao, nami sina neno nao. Wengine ni mashoga zangu wa kufa na kuzikana. Yangu haikuwa hiyo. Nilizaliwa mdomo wa juu umepasuka na kaakaa liko wazi. Mdomo ulishonwa nikiwa mchanga, kaakaa likashonwa nimeshaanza kusema, na kwa kuchelewa huko maneno yangu yalikuwa yameshazoea kupita njia ya juu. Nilipovunja ungo, shangazi Rukia, aliyenilea Likoni, alinishonea ninja mbili nyeusi akaniambia mwanamke ni stara. Nikakubali. Lakini siku za Idi, wakija wageni wanawake watupu, wasichana wenzangu walivua ninja zao mlangoni na kuzining'iniza kwenye msumari, na mimi peke yangu niliambiwa nibaki nayo. Hapo nikajua kwamba stara ile haikuwa yangu, ilikuwa ya shangazi.

Wageni hao walikula sebuleni, juu ya mkeka mpya, na mimi nilikula jikoni, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu chai ya maziwa huweza kunitokea puani nisipoinamisha kichwa vizuri, na shangazi aliona jambo hilo halifai kuonekana na watu wanaokula mahamri. Kutoka jikoni nilisikia kila kitu. Nilisikia kwamba mimi ni maskini wa Mungu, kwamba nina macho mazuri, kwamba bahati yake huyo atakayenioa ikiwa hasikii vizuri. Wakitaka kunisalimia, shangazi aliniita mlangoni, nami nikisema neno, yeye hulifasiri papo hapo. "Yuwasema marahaba, yuwasema yu mzima." Mara nyingine sikuwa nimesema hivyo kabisa. Siku moja mgeni aliniuliza kama ningependa kwenda kukaa kwake nimsaidie kazi za nyumbani, nikasema sitaki, na shangazi akamwambia yuwasema ashukuru, atafikiri. Shangazi alinipenda, wallahi, na aliyekuwa akinitania mtaani alikiona cha mtema kuni. Lakini upendo wake ulikuwa wa kunikunja na kuniweka sandukuni nisiingie vumbi, na mimi nilitaka vumbi.

Nilichokitaka hasa kilikuwa ualimu. Kisauni kulikuwa na chuo kidogo cha walimu wa chekechea, katika nyumba ya kupanga yenye baraza ndefu, na nilikuwa nimeomba nafasi kwa barua. Hati yangu ni nzuri, alama zangu za shule zilikuwa nzuri, wakaniita mbio. Mkuu wa chuo alinikaribisha vizuri mpaka nilipofungua kinywa. Akaniangalia, akamwangalia shangazi, akamwambia shangazi, si mimi, kwamba mwalimu wa watoto wadogo ni sauti, na kwamba nafasi yangu ataishikilia mpaka siku ya kufungua, kwa sharti nilete barua ya daktari isemayo kwamba usemi wangu ni wa kawaida. Shangazi alimshukuru sana. Njiani akaniambia alhamdulillahi, hawakutukataa kwa ubaya. Mimi nilikuwa nikihesabu siku zilizobaki, kwa sababu nilijua kwamba bila ile barua nitarudi kukalia mbuzi jikoni, na safari hii sitainuka.

Mungu si Athumani, mwezi ule ule likaja kundi la madaktari kutoka Nairobi kukaa siku nne katika kituo kimoja cha afya Changamwe, wakiangalia watu wa midomo na kaakaa. Tulifika mapema tukakuta baraza imejaa akina mama na watoto wachanga. Chumba cha kupimia kilikuwa ghala la mablanketi siku nyingine zote. Kuta walizibandika trei za mayai ili sauti isivume, dirisha wakaliziba kwa godoro, na hata hivyo kila lori la kontena lililopita barabara ya bandarini lilitikisa meza, na kazi ikabidi isimame mpaka lipite. Ndani alikuwamo Katana, wakati huo mtu wa makamo, mtumishi wa kituo aliyekuwa amefundishwa kuiendesha mashine. Alikuwa mpole kupita kiasi. Alimwamkia shangazi kwa heshima zote, akaviweka viatu vyetu pembeni yeye mwenyewe, na alipozungumza nami aliangalia ukuta.

Chombo kilivaliwa kichwani kwa mikanda, na mbele yake kikatokeza kibao cha chuma cha kukaa baina ya pua na mdomo. Juu ya kibao kulikuwa na maikrofoni ndogo ya kusikiliza pua, chini yake nyingine ya kusikiliza mdomo, na nyaya zikaenda kwenye kompyuta. Ukisema, kompyuta inagawa: sauti yote iliyotoka ni hii, na sehemu iliyopita puani ni hii. Namba ikipanda sana, mlango wa nyuma ya kaakaa haufungi. Siri yote ya kazi iko kwenye kibao, ambacho lazima kibane juu ya mdomo barabara, kitenganishe sauti ya huku na ya kule. Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba shangazi alikitazama kile chombo akasema ni hatamu ya punda, na kwamba Katana alipokiinua na kunisogelea, alisimama katikati ya chumba akiwa amekishika kwa mikono miwili, asijue la kufanya na ninja yangu.

Nilimwona akitaka kusema. Shangazi naye alimwona, akaja kusimama nyuma yangu akashika kamba za ninja kisogoni, kwa nguvu, nikahisi vidole vyake. "Mpime vivyo hivyo, baba," akamwambia. "Sauti hupita kwenye kitambaa." Katana akaniuliza mimi, akiangalia ukuta, kama ni sawa. Kabla sijajibu shangazi akasema yuwasema ni sawa. Basi akanivisha hatamu juu ya ninja, akasukuma kibao mpaka kikakaa juu ya kitambaa, akanipa karatasi nisome. Sentensi zilikuwa zimetungwa makusudi ziepuke sauti zote ambazo kwa kila mtu hupitia puani, ili itakayosikika puani iwe ni ya ugonjwa. Nakumbuka: watoto watatu walikaa hapa, kaka alipeleka kikapu kwa babu, babu alipika pilau. Shangazi akasema kwamba katika ukoo wetu hakuna babu aliyewahi kupika pilau. Nikasoma mara tatu, kwa kusubiri malori, nikatoka nikakaa barazani.

Kati ya baraza na chumba kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na mtu aliyelelewa jikoni anajua kusikiliza. Daktari aliyeingia kusoma majibu alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya watu wa bara, ya haraka. Alisema namba hii ni mbaya sana, mlango hauna kazi, kuandika kwamba usemi wake ni wa kawaida itakuwa uongo. Afanyiwe upasuaji mwaka ujao, apumzike, apimwe tena, ndipo tuzungumze habari za kufundisha. Katana akasema kwa unyenyekevu wake kwamba alipokuwa akisoma, yeye alimsikia neno kwa neno, na kwamba sikio lake na mashine havikubaliani. Daktari akamwambia mashine ilikaguliwa asubuhi na haina kosa. Akaniita akaniambia yaleyale kwa upole zaidi. Shangazi akamshukuru sana. Shangazi alishukuru watu wengi mwaka ule.

Siku hiyo sikulia. Nilikasirika, na hasira, wasikudanganye watu, ni msaada mkubwa kwa akili. Neno la Katana lilikuwa limenikaa. Baada ya alasiri, shangazi akiwa amekwenda kumtazama mzazi jirani, nilichukua kioo chake cha wanja na kifuniko cha kopo la biskuti. Kioo nilikitia kwanza kwenye beseni la maji ya mtungini kipoe, nikakifuta. Nikavaa ninja, nikakibana kifuniko juu yake chini ya pua kama kile kibao, nikakiweka kioo juu ya kifuniko nikasoma habari za babu na pilau yake. Kioo kikafuka chote, mvuke mzito. Nikavua ninja, nikakibana kifuniko juu ya ngozi, nikasoma tena. Kikafuka, ndiyo, lakini alama ndogo, pembeni. Nikarudia mpaka nikachoka. Pumzi ya mdomoni ilikuwa ikipita chini ya kibao, kwenye mikunjo ya kitambaa, na kupanda hadi puani. Mashine haikuwa na kosa, kama alivyosema daktari. Ila sote watatu mle chumbani tulikuwa na adabu mno. Katana aliona haya kumwambia binti wa Kiislamu afunue uso mbele yake, shangazi aliona haya uso wangu uonekane, na mimi nikaona haya kusema kwamba sauti ni yangu. Heshima ya pwani nzima ilikaa baina ya kile kibao na mdomo wangu, na ikaandikwa kuwa ni ugonjwa.

Asubuhi yake nilimwambia shangazi naenda sokoni, na huo ndio uongo pekee wa hadithi hii. Nilivuka kwa feri nikaenda Changamwe peke yangu. Katana alipofungua mlango na kuniona bila mtu, akaanza kumtafuta shangazi nyuma yangu. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti kile, nikafungua kamba mwenyewe. Hakuna mwanamume aliyekuwa ameuona uso wangu mzima tangu nilipokuwa msichana mdogo, na kovu langu halikuwa dogo, lilivuta mdomo kuelekea puani upande wa kushoto, na bado linauvuta.

"Jana ulipima kitambaa," nikamwambia. "Leo nipime mimi."

Aliangalia ukuta kwa mazoea, halafu akaacha kuuangalia. Akanitazama usoni, kama mtu anavyomtazama mtu. Nikamweleza habari za kioo na kifuniko. Alikaa chini kabisa, kwenye sanduku la mablanketi.

"Kosa ni langu, dada," akasema. "Najua kibao lazima kiguse ngozi. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza. Nikaona haya kukwambia."

"Nami niliona haya kukukumbusha," nikasema. "Basi tusione tena. Funga hiyo hatamu."

Akaifunga. Kibao kilikuwa cha baridi juu ya kovu. Nikasoma, tukangoja lori, nikasoma. Namba ikashuka, ikashuka mpaka Katana akaenda kumwita daktari bila kuvaa viatu. Lakini nisiwadanganye wenye kupenda miujiza: haikushuka hadi kwenye mstari wa watu wote. Ilibaki juu yake, si kwa mbali, lakini juu. Daktari akaitazama, akanitazama, akasema haya ni mambo mengine kabisa, akaomba ruhusa yangu anitie puani mrija mwembamba wenye taa na kamera. Uliwasha, macho yakanitoka machozi, na kwenye skrini nikaiona kwa mara ya kwanza sehemu yangu ambayo watu walikuwa wameijadili maisha yangu yote. Nikasema pa, kaakaa likapanda kwenda kuufunga mlango wa nyuma, likafika karibu kabisa, likaacha uwazi mdogo upande mmoja, kama mlango wa jikoni uliovimba kwa mvua. Ulikuwa ukifanya kazi, maskini. Ulikuwa ukijitahidi kila neno, bila kusifiwa na mtu.

Daktari akasema upasuaji bado utasaidia. Nikamwambia huenda, nitaufikiria, lakini chuo kinafunguliwa wiki ijayo na nimekuja kuchukua barua. Akasema hawezi kuandika neno kawaida. Nikamwambia asiliandike, silihitaji tena. Aandike kwamba kipimo cha jana kilikosewa. Aandike namba ya leo, kama ilivyo, na mstari wa kawaida uko wapi. Kisha aandike kama amenielewa.

"Mashine haipimi kama unaeleweka," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akavuta karatasi akaandika, na chini kabisa akaandika kwamba amezungumza nami kwa muda mrefu na hakulazimika kuniuliza neno lolote mara mbili. Ni mwanamke aliyekuwa na haraka, na huenda hata hanikumbuki, lakini sentensi ile alikuwa wa kwanza kuiandika. Ninja nilitoka nimeishika mkononi. Akina mama wa barazani walinitazama, watoto wao mapajani wenye midomo kama yangu ya zamani, na mmoja akamgeuza mwanawe anione.

Nyumbani kulikuwa na moto. Jirani alikuwa ameniona kivukoni uso wazi, na habari ilifika kabla yangu. Shangazi aliniuliza ni kitu gani alichoninyima mpaka nikaenda kujianika kwa watu. Nikamwambia sikuvua mbele ya Mungu kwa dharau, nilivua mbele ya kipimo, na nikigundua siku moja kwamba nataka kuivaa kwa ajili ya Mungu nitaivaa mwenyewe bila kufungwa kamba na mtu. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo kabla, wala sikuwahi baadaye. Siku tatu hatukuzungumza. Aliniwekea wali wa nazi na mchuzi wa papa mlangoni mwa chumba changu na kuondoka, na mchuzi ulikuwa mzuri kuliko kawaida, hivi kwamba sikuweza kujua kama ameninunia au ananiomba radhi. Asubuhi ya kwenda Kisauni nilimkuta amevaa buibui, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba mapajani. Akasema hawezi kuniacha niende peke yangu kama mtoto asiye na watu.

Wasichana wa chuo walikuwa wamejaa barazani, wakisubiri kuitwa kwa zamu kutoka ofisini. Mkuu wa chuo aliisoma barua ya daktari mara mbili. Akamgeukia shangazi, akasema kwamba barua hii haisemi kawaida, inasema juu ya kawaida, lakini kwa kuwa tumejitahidi sana, wangeweza kunipa nafasi ya ulezi: kuosha watoto, kuwalisha uji, kuwalaza. Kazi ya kusoma na kuandika ingefanywa na wenye sauti. Nilimtazama shangazi. Alifungua kinywa, na nikajua kabisa neno litakalotoka, kwa sababu nililisikia mwaka mzima. Nikawahi. Nikamwambia mkuu kwamba kulisha uji ni kazi ya heshima, lakini sikuomba uji, niliomba ubao.

"Binti," akasema, "watakusikia wapi?"

Mezani kwake kulikuwa na orodha ya wanafunzi wapya, aliyokuwa karibu kuiita. Sikuomba ruhusa. Niliichukua, nikasimama hapo hapo nilipokuwa, mbele ya meza, mlango wa baraza ukiwa nusu wazi, nikaanza kusoma kutoka juu. Asha. Nikangoja, kisha kule nje sauti ikaitika abee. Bahati. Abee. Dzame. Niko, mwalimu. Fatuma. Kache. Riziki. Kila jina lilikwenda na likarudi na mtu. Mkuu alikuwa amenyoosha mkono kuichukua karatasi yake, lakini mkono ukabaki hewani, halafu akaushusha mwenyewe. Shangazi Rukia alikuwa ameshika mkoba kifuani na midomo yake ikicheza, akiyarudia majina kimya kimya nyuma yangu, na hakufasiri hata moja. Sidi. Tabu. Zainabu. Orodha ilikuwa imepangwa kwa herufi, na jina la mwisho, lililokuwa limepigwa mstari kwa kalamu ya risasi, lilikuwa langu.

"Zuhura," nikaita, kwa pua na kwa mdomo.

Nikangoja kidogo, kama nilivyowangoja wengine, nikaitika, "Abee."